Maji Maji vilikuwa vita, na visimuliwe kama vita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala mliyoichapa kwa ajili ya kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji, vita vya watu wa kusini dhidi ya Wajerumani vya mwaka 1905 hadi 1907, ambayo hapa Songea huadhimishwa kila tarehe 27 Februari. Nawashukuru kwa kuikumbuka siku hiyo. Hata hivyo, makala ilisema kwamba Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, ndiye aliyewaongoza wapiganaji kulivamia boma la Mahenge, na kwamba walishindwa kwa sababu waliamini maji hayo yangezuia risasi. La kwanza si kweli, kwa kuwa Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 mwezi huohuo, yeye akiwa kaburini. La pili ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu, kwa sababu nimefundisha historia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa miaka mingi na nimeyaona madhara yake kwa macho yangu.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kwenye makumbusho ya Maji Maji hapa mjini, pale lilipo kaburi la pamoja la mashujaa. Tulipokuwa tumesimama kando ya kaburi, kijana mmoja alimnong'oneza mwenzake jambo, wote wawili wakaangua kicheko. Nilipomuuliza kinachomchekesha, alinijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, nashangaa tu watu wazima kukubali kunyunyiziwa maji wakasimame mbele ya bunduki." Sikumwadhibu, kwa sababu alikuwa anarudia tulichomfundisha sisi wenyewe. Tulimpa hadithi ya maji, hatukumpa vita.

Napenda basi nieleze vita vile kama vilivyopiganwa, kwa kadiri nafasi ya barua inavyoruhusu.

Kabla ya mwaka 1905 Wajerumani walikuwa wameshapigana na karibu kila jamii yenye nguvu katika nchi hii, na walizishinda moja baada ya nyingine kwa sababu kila moja ilipigana peke yake. Abushiri bin Salim alipambana nao pwani mwaka 1888 na 1889. Mkwawa wa Wahehe aliwavizia Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akamuua kamanda wao Zelewski na kulifutilia mbali karibu kundi zima, lakini miaka mitatu baadaye ngome yake ya Kalenga ilibomolewa kwa mizinga, na jirani hakuna aliyekwenda kumsaidia. Wangoni nao waliwekwa chini ya bendera ya Wajerumani mwaka 1897. Wazee wa Umatumbi na Ungindo waliyajua haya yote, maana habari zilitembea pamoja na misafara. Tena watu wa kusini-mashariki hawakuwa na mfalme kama Mkwawa, wala jeshi lililo tayari. Waliishi katika vijiji vidogo vilivyotawanyika, kila ukoo na mzee wake. Swali la kijeshi lililowakabili lilikuwa hili: watu wasio na amiri mmoja, wanaosema lugha mbalimbali, na ambao baadhi yao walikuwa na visasi vya zamani baina yao, wataletwaje chini ya amri moja bila maakida na majumbe wa serikali kugundua?

Jibu la swali hilo ndilo lililotoka Ngarambe. Kuanzia mwaka 1904 watu walimiminika huko kwa Kinjikitile kama wanaokwenda kwenye mzimu kuomba mvua na mavuno, jambo ambalo serikali haikuona sababu ya kulizuia. Habari zilipita kwa minong'ono, na Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Wazee waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 walieleza kwamba safari za Ngarambe zilifanana na msafara wa arusi, kwa nyimbo na vigelegele njia nzima, na kwamba waliofika walilala huko na kucheza likinda, kila watu kundi lao, kisha asubuhi wakapewa dawa na kurudi makwao. Likinda halikuwa ngoma ya kujiburudisha, bali mazoezi ya vita. Mwenye macho ya kijeshi ataona hapo uandikishaji wa askari, kiapo, mafunzo na mtandao wa habari, vyote vikifanyika mchana kweupe ndani ya vazi la ibada. Maji yaliwapa watu wa zaidi ya makabila 20 jambo moja la kushika pamoja, na hilo hakuna mkuki wala gobori lililokuwa limewahi kulifanya.

Sababu ya vita haikuwa uchawi pia. Gavana von Götzen alianzisha mwaka 1902 mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ambako kila mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na mahali pengi zilizidi, chini ya kiboko cha akida na kwa ujira mdogo kiasi kwamba wengine waliukataa. Kazi hiyo iliangukia majira yaleyale ambayo mtu alitakiwa awe kwenye shamba lake la mtama na mpunga. Kodi nayo ilidaiwa kwa fedha taslimu. Ndiyo maana vita vilipoanza Nandete, katika vilima vya Umatumbi, mwezi Julai 1905, havikuanza kwa kumuua mtu, bali kwa kung'oa mashina ya pamba. Majina ya waliong'oa mashina ya kwanza yamehifadhiwa: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Kwa kila aliyekuwapo ilieleweka kuwa vita vimetangazwa, kwa kuwa serikali isingeliachia jambo hilo lipite.

Hapa kuna kosa la kwanza la kimkakati, ambalo makala yenu haikuligusa ingawa kwa maoni yangu liliathiri matokeo kuliko imani yoyote. Kinjikitile alikuwa amewaagiza watu wangoje hadi atakapotoa amri, ili sehemu zote ziinuke kwa pamoja. Wamatumbi walichoka kungoja. Ukiifikiria pamba iliyokuwa inawasubiri shambani huwezi kuwalaumu, lakini matokeo yake ni kwamba vita vilianza kabla mtandao haujakamilika, na kiongozi aliyetarajiwa kutoa amri alikamatwa na kunyongwa mapema. Kutoka hapo vita viliendelea bila amiri mkuu. Vilisambazwa na wajumbe walioitwa mahongo, waliopita nchi kwa nchi wakigawa maji, na kila walipofika ndipo watu walipoinuka, kila sehemu kwa siku yake.

Kwa wiki za kwanza hata hivyo mambo yalikwenda kwa kasi iliyowatia Wajerumani kiwewe. Mji wa biashara wa Samanga uliteketezwa kabla ya Julai kwisha. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, waliuawa huko Mikukuyumbu wakiwa safarini. Naliandika hili bila kulisherehekea, kwa kuwa wale hawakuwa askari, na mimi mwenyewe nimesomeshwa na watawa wa shirika lao. Siku chache baadaye boma la Liwale lilianguka na mkuu wake, Sajini Faupel, akauawa pamoja na watu wake. Kufikia mwishoni mwa Agosti misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa, na moto ulikuwa umeenea kutoka Uzaramo hadi Kilosa na Mahenge. Von Götzen alituma simu Berlin akiomba meli za kivita na wanamaji, na serikali yake ikalazimika kuwatuma.

Ndipo tunapofika Mahenge. Boma lile lilijengwa mahali pa juu, likilindwa na Kapteni von Hassel akiwa na askari wapatao 60, mamia ya wasaidizi wa Kiafrika na bunduki mbili za rashasha, ambazo wazee wetu waliziita bombomu. Mmisionari aliyekuwa ndani ya boma asubuhi ile ya tarehe 30 Agosti aliandika alichokiona. Wapiganaji walikuja kwa safu, bombomu zikawapiga, safu zikapungua, nao wakaendelea kusonga mbele kwa utaratibu kwa muda wa robo saa nzima katikati ya mvua ya risasi. Baada ya hapo walitawanyika na kujificha nyuma ya mawe. Kisha likatokea kundi la pili la watu zaidi ya 1,200 kutoka upande mwingine, nalo likapokewa kwa moto uleule. Baadhi yao waliangukia hatua tatu tu kutoka kwa waliokuwa wakiwapiga.

Naomba msomaji aisome tena hiyo robo saa. Mtu aliyedanganywa kwamba risasi ni maji hugundua uongo huo katika dakika ya kwanza, pale mwenzake wa kushoto anapoanguka. Dakika nyingine kumi na nne hazielezwi kwa maji. Zinaelezwa kwa nidhamu, na kwa kujua kwamba boma lile likianguka Ulanga nzima inakuwa huru. Kosa la siku ile lilikuwa la aina mbili. Makundi mawili yaliyotakiwa kulibana boma pamoja yalifika kwa kupishana, hivyo bombomu zikapata nafasi ya kulimaliza moja kabla ya kuligeukia jingine. Pili, walishambulia mchana, mahali peupe, ngome iliyojengwa kwa ajili ya shambulio la namna hiyo hasa. Hapo nakubali kwamba maji yalichangia, kwa kuwa imani ndiyo iliyowatoa watu msituni, ambako gobori na mshale vilikuwa na nafasi, ikawaweka uwanjani ambako havikuwa na nafasi. Chombo kilichowaunganisha ndicho kilichowaelekeza kwenye aina ya mapigano ambayo adui aliyatamani. Mwanafunzi akielezwa hivyo hacheki; anaanza kufikiri. Hata baada ya hasara ile walilizingira boma kwa wiki kadhaa, hadi Kapteni Nigmann alipofika kutoka Iringa mwezi Septemba kuwaokoa waliokuwa ndani.

Wangoni waliingia vitani mwezi huo wa Septemba, na kuchelewa huko kuliwagharimu. Milki zao mbili, Njelu chini ya Mputa Gama pamoja na nduna (kamanda) Songea Mbano, na Mshope chini ya Chabruma, zilikuwa na mila ya kijeshi iliyopevuka kuliko ya majirani wote. Laiti wangeinuka mwezi Julai pamoja na Wamatumbi, sijui Wajerumani wangegawa vipi askari wao wachache. Lakini walipoinuka, Mahenge ilikuwa imeshaokoka, wanamaji walikuwa njiani, na Nigmann alikuwa huru kuwageukia. Tarehe 21 Oktoba aliivamia kambi yao kubwa, wao wenyewe wakiwa hawana habari, akaua mamia, na inasimuliwa kwamba wapiganaji walitupa dawa zao wakipiga kelele kwamba hongo, yaani mjumbe wa maji, ni mwongo.

Makala yenu iliishia hapo, kama vile vitabu vingi vinavyoishia hapo. Vita havikuishia hapo. Baada ya Oktoba 1905, wapiganaji hao hao tunaoambiwa kwamba walikuwa watumwa wa imani waliiacha mbinu iliyoshindwa wakashika nyingine. Waliacha kushambulia bombomu na maboma, wakagawanyika katika vikundi vidogo, wakahama na familia zao kuingia misituni, wakavizia misafara na kukwepa mapambano ya uwanjani. Abdalla Mapanda aliendelea kupigana katika nchi ya Liwale hadi alipouawa mwanzoni mwa mwaka 1907. Chabruma alipigana kwa miezi mingi katika milima ya Mshope kabla ya kuvuka mpaka kuingia Msumbiji. Kama maji ndiyo yaliyokuwa yote, watu hawa walikuwa wanapigania nini mwaka mmoja na zaidi baada ya maji kuonekana hayazuii risasi?

Na Wajerumani nao walibadili mbinu, jambo ambalo linaonyesha walimheshimu adui wao kuliko sisi tunavyowaheshimu babu zetu. Walituma vikosi vitatu kupenya kusini, kimoja kikiongozwa na Meja Johannes, na kazi ya vikosi hivyo haikuwa kutafuta mapigano. Kapteni Wangenheim alikuwa ameshaandika kwamba njaa peke yake ndiyo itakayoleta utii wa mwisho, na kwamba operesheni za kijeshi peke yake zingekuwa kama tone baharini. Basi vijiji vilichomwa, ghala zikamwagwa, na mashamba yakateketezwa yangali na mavuno.

Marehemu bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wa kuamia ndege huko Liwale wakati askari walipopita kijijini kwao. Alikuwa juu ya dungu, akawaona kwa mbali, akateremka na kukimbilia kwenye mto uliokauka. Watu wa kijiji waliporudi, mtama ulikuwa majivu, lakini kilichomliza mama yake ni kwamba hata vibuyu vya mbegu vilikuwa vimepasuliwa. Mtu asiye na mavuno huchimba ming'oko na kungoja mvua. Mtu asiye na mbegu hana anachokingojea. Mimi nilimkuta bibi akiwa mzee, katika miaka ya 60, nchi ikiwa huru na duka la ushirika likiwa hatua chache kutoka nyumbani. Kila mwaka baada ya mavuno alichagua mbegu nzuri za mtama, akazitia katika kibuyu kidogo, akaziba mdomo wake kwa nta, na usiku akakifukia nyuma ya jiko. Kingine alikitundika juani kila mtu akione. Nilipomuuliza sababu ya viwili, alisema kile cha juu ni cha wageni.

Makisio ya serikali ya Ujerumani yenyewe yalikuwa kwamba walikufa watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa kusini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi 316. Ukiziweka tarakimu hizo pamoja utaelewa kwa nini nasema kwamba bombomu haikuwa silaha kuu ya vita vile, bali kiberiti kilichowashwa kwenye ghala.

Tarakimu hizo zina jambo jingine ambalo tumezoea kulipitia kimya. Karibu wote waliokufa upande wa serikali walikuwa Waafrika. Askari walikuwa Waafrika, na wasaidizi walikuwa watu wa chifu Kiwanga wa Wabena, Wahehe na wengine waliokuwa na sababu zao: hofu ya yaliyompata Mkwawa, ugomvi wa zamani na jirani, au hesabu ya nani atashinda. Sioni faida ya kuwaficha. Mpango wa Ngarambe ulikuwa kuwaunganisha watu, na ulifika mbali kuliko jaribio lolote la kabla yake, lakini haukufika Iringa. Nigmann alitokea Iringa.

Tujiulize pia ni nani aliyetuachia hadithi ya maji. Von Götzen alipotakiwa kuieleza Berlin kwa nini koloni limewaka moto, alipendelea maelezo ya njama za waganga na ushirikina wa washenzi, kwa sababu maelezo hayo yalimwondolea lawama ya pamba na kodi. Julius Nyerere aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, mwezi Desemba 1956, aliyakataa maelezo hayo waziwazi, akasema watu wale hawakuinuka kwa sababu ya kiapo cha kishirikina bali kwa kuitikia wito wa asili wa binadamu. Inasikitisha kwamba leo, katika nchi huru, na kwa Kiswahili chetu wenyewe, tunachapisha ripoti ya gavana na kuiacha hotuba ya Mwalimu.

Mnamo Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapa Songea, akakutana na wajukuu wa mashujaa na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi kusaidia kutafutwa kwa fuvu la Songea Mbano, linalosadikiwa kupelekwa Ujerumani. Wazee wetu 67 walinyongwa hapa siku moja tarehe 27 Februari 1906, akiwamo Mputa Gama na mwanamke mmoja, Nkomanile wa Kitanda, na Songea akawafuata siku chache baadaye. Hawa walikuwa makamanda, na Wajerumani waliwanyonga kama makamanda.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, msahihishe habari ya Kinjikitile na Mahenge, kwa sababu walimu wengi vijijini hukata kurasa zenu na kuzibandika ukutani darasani. Pili, mtakapoandaa toleo la Februari ijayo, chapeni ramani inayoonyesha Nandete, Liwale, Mahenge na Songea, na siku ambayo kila sehemu iliinuka, ili mwanafunzi apime mwenyewe kwa rula umbali ambao habari zilitembea kwa miguu kati ya Julai na Septemba. Nipo tayari kumsaidia mwandishi wenu bila malipo yoyote.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Songea